Geji Tatu za Reli Zetu

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra zetu hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi, lugha na mila tulizorithi kwa wazee wetu. Ni haki iwe hivyo. Lakini utamaduni wa watu ni pamoja na namna wanavyosafiri, wanavyopima vitu, wanavyofanya kazi kwa mikono yao, na wanavyoafikiana juu ya mambo yanayowahusu wote. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa, katika insha hii, kuitazama reli. Na katika reli, kulitazama jambo moja dogo ambalo abiria husafiri juu yake mchana na usiku bila kuliona. Jambo hilo ni upana wa njia, ambao mafundi wa reli huuita geji.

Geji ni umbali ulio baina ya nyuso za ndani za vyuma viwili vya reli. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake geji ya Reli ya Kati bila kutoka darasani. Na aichukue ile fimbo ya mita moja aliyo nayo, ailaze juu ya meza: hiyo ndiyo geji ya reli iendayo Kigoma na Mwanza, milimita 1,000 kamili. Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, ina geji ya milimita 1,067. Reli mpya ya umeme itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma ina geji ya milimita 1,435. Nchi yetu ni moja, lakini ina geji tatu.

Baina ya geji ya kwanza na ya pili tofauti ni milimita 67 tu, kiasi cha upana wa vidole vinne vya mtu mzima. Hata hivyo, tangu TAZARA ilipofunguliwa rasmi mwaka 1976, vidole vinne hivyo vimetosha kulizuia behewa lililopakiwa Kigoma lisifike Mbeya. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Magurudumu mawili ya treni hushindiliwa kwa nguvu katika ekseli moja ya chuma, na hayawezi kusogea kulia wala kushoto. Kila gurudumu lina ukingo upande wa ndani, na ukingo huo ndio unaolishika gurudumu lisiteleze nje ya njia. Njia ikiwa pana kuliko nafasi ya magurudumu, gurudumu litaanguka ndani. Ikiwa nyembamba, ukingo utapanda juu ya chuma. Katika mambo mengine vidole vinne ni kitu kidogo. Katika reli ni mpaka.

Tuna maswali mawili ya kujibu. Tofauti hizi zilitoka wapi? Na je, inawezekana kujenga njia ya reli ambayo itaiwezesha treni kutoka geji moja na kuingia nyingine? Tutaona kwamba jibu la swali la pili ni ndiyo, inawezekana, lakini kila njia ya kufanya hivyo ina gharama yake. Na gharama hiyo hulipwa na watu ambao hawakuulizwa wakati geji ilipochaguliwa.

Chimbuko la geji zetu

Mgogoro wa geji ulianza Uingereza, nchi ambayo reli za abiria zilienea mapema kuliko kwingine. George Stephenson, fundi aliyekulia katika machimbo ya makaa ya mawe, alijenga reli zake kwa upana uliotumiwa na magari ya machimbo ya kwao, na huo ndio uliokuja kuwa milimita 1,435. Isambard Kingdom Brunel, mhandisi wa reli itokayo London kwenda magharibi, aliona upana huo ni mdogo mno, akaijenga njia yake kwa milimita 2,140 ili treni iende kwa kasi na utulivu. Kila mmoja alikuwa na hoja zake, na kwa ufundi hoja za Brunel hazikuwa dhaifu. Lakini mwaka 1844 reli za geji hizo mbili zilikutana katika mji wa Gloucester, na hapo kila mzigo na kila abiria alilazimika kushuka treni moja na kupanda nyingine. Mwaka 1846 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya geji, likaifanya ile ya milimita 1,435 kuwa ya kawaida kwa reli mpya za abiria. Pamoja na sheria hiyo, geji pana ya Brunel haikuondolewa kabisa mpaka Mei 1892. Ilichukua miaka 46 kulisahihisha jambo ambalo lingeweza kuamuliwa kwa kikao kimoja kabla ya taruma la kwanza kulazwa.

Waingereza waliojifunza hayo kwao hawakuyafuata katika makoloni yao. Huko India walianza kwa geji pana ya milimita 1,676. Kisha, katika miaka ya 1870, wakaanza kujenga njia nyingine kwa mita moja ili kupunguza gharama. Geji hiyo ya mita ndiyo iliyovuka Bahari ya Hindi. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza Mombasa mwaka 1896, sehemu kubwa ya mafundi, vibarua na vifaa ilitoka India, na njia ikajengwa kwa mita moja mpaka ilipofika Kisumu mwaka 1901. Wajerumani nao, waliokwisha kuanza kujenga reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893, walikuwa wamechagua mita hiyo hiyo, na waliitumia tena katika Reli ya Kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914.

Hivyo wakoloni wawili waliokuwa wakishindana walijenga kwa geji moja, kila mmoja kwa sababu zake, wala si kwa ajili ya umoja wa wananchi. Reli hizo zilikusudiwa kubeba pamba, kahawa, katani na askari. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi, na mwaka 1916 ikaungana na reli ya Wajerumani huko Kahe, karibu na Moshi. Kama geji zingekuwa mbili, muungano huo usingewezekana kwa kuunganisha chuma kwa chuma tu.

Baadaye urithi huo uligeuka kuwa na manufaa mengine. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja. Mwaka 1963, baada ya uhuru, njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi iliunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga. Katika miaka hiyo ya 1960 zilijengwa pia meli za kuvusha mabehewa katika Ziwa Victoria, ambazo ndani yake zilitandikwa reli ili behewa liingie lenyewe kwa magurudumu yake na kutoka ng'ambo ya pili. Mbili kati ya meli hizo ziliitwa Umoja na Uhuru. Shirika la pamoja lilivunjika mwaka 1977, Umoja ikabaki Tanzania na Uhuru ikabaki Kenya. Lakini geji haikuvunjika. Vyombo viligawanywa, na kipimo kikabaki kimoja.

Geji ya pili ilitoka kusini. Koloni la Rasi, huko Afrika Kusini, lilichagua milimita 1,067 katika miaka ya 1870, na reli za geji hiyo zikapanda kaskazini pamoja na wachimba madini na makampuni yao. Zilivuka mto Zambezi kwa daraja la Maporomoko ya Victoria mwaka 1905, zikafika Kabwe mwaka 1906, kisha zikaendelea mpaka kwenye shaba ya Zambia na ya Kongo. Ndiyo maana Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, reli yake kuu ilielekea kusini. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe, shaba ya Zambia ilikuwa ikipitia mikononi mwa utawala ambao Zambia ilikuwa ikiupinga.

TAZARA ilijengwa ili kuikata kamba hiyo. Mkataba wa Tanzania, Zambia na China ulitiwa sahihi mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa kwa nchi mbili zilizoimiliki. Wafanyakazi wa China zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo. Hapa tunapenda wanafunzi waitafakari hatua moja ambayo haitajwi sana. Kilomita 975 za reli hiyo, zaidi ya nusu, zimo ndani ya Tanzania, ambako geji iliyokuwa ikitumika ni mita moja. Wachina nao kwao hutumia milimita 1,435. Hata hivyo reli ilijengwa kwa milimita 1,067, geji ya Zambia, ili shaba itoke migodini na kufika bandarini bila kupakuliwa njiani. Mkatiko wa geji haukuwekwa mpakani wala Kapiri Mposhi. Uliwekwa ndani ya nchi yetu. Tulikubali kuugawa mfumo wetu wa reli ili jirani yetu aunganishwe na bahari. Hiyo ilikuwa bei ya ukombozi, na hatuoni sababu ya kuijutia. Lakini ni bei, na inafaa ijulikane.

Njia nne za kuuvuka mkatiko

Njia ya kwanza ya kuuvuka mkatiko wa geji ni ya zamani kuliko zote: kuhamisha shehena. Tuchukue mfano wa gunia la mchele linalotoka Ifakara kwenda Tabora kwa reli. Litapanda behewa la TAZARA mpaka Kidatu, mahali ambapo tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa lilifika katika miaka ya 1960, na ambapo kituo cha kuhamishia shehena kilifunguliwa mwaka 1998. Hapo litashushwa, lipandishwe behewa la geji ya mita, kisha lipite Kilosa na kuendelea magharibi. Kila linaposhushwa na kupandishwa kuna mtu wa kulipwa, kuna muda unaopotea, na kuna hatari ya gunia kupasuka au kutoonekana tena. Gharama hiyo haibaki Kidatu. Ama mkulima wa Ifakara atapata pungufu, ama mnunuzi wa Tabora atalipa zaidi. Makontena yamepunguza taabu hii, kwa kuwa kreni hulihamisha sanduku zima kwa mara moja. Hata hivyo kreni hununuliwa, na kontena husubiri zamu yake.

Njia ya pili ni kuuacha mzigo ndani ya behewa na kubadili kilicho chini. Behewa huinuliwa kwa jeki, bogi zake, yaani fremu zenye magurudumu, huondolewa, na nyingine za geji tofauti huingizwa. Hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa miaka mingi huko Brest, mpakani mwa Belarusi na Poland, na huko Erlian, mpakani mwa China na Mongolia, ambako abiria walibaki vitini mwao huku behewa likiwa hewani. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na inahitaji akiba kubwa ya bogi pande zote mbili.

Njia ya tatu ni kuibadili njia yenyewe badala ya gari. Juu ya mataruma yale yale huongezwa chuma cha tatu: chuma kimoja hutumiwa na treni zote, cha pili na treni za geji nyembamba, cha tatu na treni za geji pana. Waingereza walifanya hivyo kwa miaka mingi katika reli za Brunel. Hapa mwanafunzi anaweza kufanya hesabu mwenyewe. Tofauti ya 1,435 na 1,000 ni milimita 435. Nafasi hiyo inatosha kabisa kwa chuma cha tatu. Tofauti ya 1,435 na 1,067 ni milimita 368, nayo inatosha. Lakini tofauti ya 1,067 na 1,000 ni milimita 67, na kitako cha chuma cha reli cha kawaida ni kipana kuliko hapo. Vyuma viwili haviwezi kukaa bega kwa bega katika nafasi hiyo, na nafasi ya kupita ukingo wa gurudumu ikabaki. Kwa hiyo TAZARA na Reli ya Kati, ambazo zimekaribiana mno kwa kipimo, haziwezi kugawana njia kwa vyuma vitatu. Zinahitaji vinne, na mahali njia zinapopachana kazi huwa ngumu maradufu. Wakati mwingine tofauti ndogo ni ngumu kuponya kuliko tofauti kubwa.

Njia ya nne ndiyo yenye ufundi mwingi zaidi: kujenga kipande cha njia ambacho chenyewe kinabadili nafasi ya magurudumu treni inapopita juu yake. Waliofanikiwa zaidi ni Wahispania, ambao reli zao za zamani zina geji ya milimita 1,668 ilhali jirani yao Ufaransa hutumia 1,435. Mwaka 1969 treni ya aina ya Talgo ilianza kusafiri kutoka Barcelona hadi Geneva bila abiria kushuka mpakani. Siri yake ni kwamba magurudumu ya Talgo hayakufungwa katika ekseli moja. Kila gurudumu huzunguka peke yake. Treni inapoingia katika kipande hicho, huenda polepole, kiasi cha kilomita 15 kwa saa. Pande zote mbili kuna mihimili inayoubeba mwili wa behewa, nayo hulowanishwa maji ili mwili uteleze. Uzito ukishaondoka juu ya magurudumu, chuma cha reli ya kwanza kinakoma. Kitasa kinachoshikilia gurudumu hufunguliwa, na vyuma vya kuongozea vilivyolazwa kwa mshazari hulisukuma gurudumu ndani au nje mpaka lifikie nafasi mpya. Kisha kitasa hujifunga, reli ya pili huanza, na uzito hurudi juu ya magurudumu. Gurudumu kwa gurudumu, treni nzima huvuka.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba jambo lililowezekana pahali pamoja litawezekana kila pahali. Japani ina geji mbili zinazofanana na mbili kati ya tatu zetu: reli zake za kawaida ni za milimita 1,067, na zile za mwendo wa kasi, zilizoanza mwaka 1964, ni za 1,435. Tangu miaka ya 1990 wahandisi wake, ambao hakuna anayeutilia shaka ujuzi wao, walijaribu kutengeneza treni ya kubadili geji. Ekseli zililika, na gharama za matunzo zikazidi kiasi. Mwaka 2017 kampuni ya reli iliyotarajiwa kuitumia huko Kyushu ilisema haitaichukua. Reli mpya ya kasi ilipofunguliwa huko mwaka 2022, abiria waliendelea kushuka treni moja na kuvuka jukwaa kwenda kupanda nyingine, kama walivyofanya watu wa Gloucester.

Geji ya tatu

Aprili 2017 jiwe la msingi la reli ya milimita 1,435 liliwekwa Pugu, na mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni, kisha hadi Dodoma mwezi Julai. Ujenzi wa kuelekea Mwanza na Kigoma umeanzishwa vilevile. Kenya ilikuwa imefungua reli ya geji hiyo hiyo kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Kwa hiyo kwa mara ya pili katika historia yetu, reli za nchi hizi mbili zinajengwa kwa kipimo kimoja. Na safari hii si kwa uamuzi wa wakoloni wawili waliokuwa wakitazamana kwa jicho la vita.

Lakini geji peke yake si umoja. Reli ya Tanzania ni ya umeme, ya Kenya ilijengwa kwa injini za dizeli. Breki, viungo vya mabehewa, ishara na taratibu za usalama navyo sharti vipatane, la sivyo vyuma vitakutana na treni zisivuke. Wahenga wametuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika reli, ufa huzibwa mezani, kwa kalamu na ramani, kabla ya zege kumwagwa. Baada ya hapo kilichobaki ni ukuta, na ukuta huo ndio ule wa Kidatu wenye kreni na makontena.

Jambo hili si geni kwa walimu wa Kiswahili. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki. Uamuzi huo ulifanywa chini ya ukoloni, na ulikuwa na upungufu wake. Kimvita na Kiamu vilikuwa na washairi wakubwa na haki ya kusikilizwa. Lakini kwa kuwa kipimo kilikuwa kimoja, kitabu kilichochapwa Nairobi kiliweza kusomwa Songea bila kupakuliwa na kupakiwa upya njiani. Kimvita hakikufa kwa sababu hiyo, wala Reli ya Kati haifi kwa kuwa kuna reli ya umeme. Kinachotakiwa ni pahali pa kukutania palipofikiriwa mapema.

Tunawaomba walimu waifundishe historia ya reli zetu kwa namna hii, isiwe orodha ya miaka na majina ya stesheni tu. Wanafunzi na waulizwe: ni nani aliyechagua kipimo hiki, kwa faida ya nani, na ni nani aliyelipa tofauti yake? Baadhi yao ndio watakaokaa katika vikao ambamo reli, bandari, nyaya za umeme na mitambo ya mawasiliano ya nchi zetu itaamuliwa. Ufundi wa kuvuka mkatiko ni ufundi wa heshima, nasi tunauhitaji kwa sababu historia tuliyoirithi haiwezi kung'olewa kama taruma bovu. Lakini heshima kubwa zaidi ni ya wale watakaoketi pamoja na kupima kabla ya kujenga, ili watoto wa kesho wasikabidhiwe vidole vinne vingine vya kuvuka.